Walioitwa wakanamungu, kisha wakaitwa washirikina

Yapata mwaka 155, katika mji wa Smirna ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, mzee mmoja aliingizwa uwanjani mbele ya umati uliokuwa ukipiga makelele. Alikuwa Polikarpo, askofu wa mji ule, mtu aliyekwisha kupita miaka themanini. Liwali wa Kirumi alimwonyesha mlango wa kutokea: aape kwa Kaisari, kisha atamke, "Waondolewe wakanamungu!" Wakanamungu waliokusudiwa ni Wakristo. Polikarpo akautazama umati, akaunyoshea mkono, akashusha pumzi huku macho yameelekea mbinguni, akasema, "Waondolewe wakanamungu!" Maneno yalikuwa yale yale aliyotakiwa kuyasema, mkono ndio ulioyageuza. Akauawa.

Ruka sasa hadi Damasko ya karne ya 8. Mji uko chini ya makhalifa, na Wakristo, wenye kukiri imani ile ile, wanaitwa jina jingine kabisa: washirikina, watu wanaompa Mungu washirika. (Si ushirikina wa mitaani kwetu, wa hirizi na waganga, ni maana ya asili ya neno hilo katika Kiarabu.) Smirna walishtakiwa kuwa na miungu pungufu, Damasko wakashtakiwa kuwa nayo ya ziada.

Msomaji asiyeujua mgeuko huo hawezi kuvielewa vitabu vya utetezi wa imani ya Kikristo, kuanzia vile vya karne ya 2 hadi vijitabu vinavyopangwa kwenye turubai nje ya kanisa baada ya ibada. Kila kimoja ni jibu. Na jibu usilojua swali lake ni kama kumsikiliza abiria wa daladala anayeongea kwenye simu: unasikia upande mmoja tu, na mara nyingi unadhani amechanganyikiwa.

Neno la Kigiriki ni apologia, hotuba ya mshtakiwa mbele ya hakimu. Kiswahili kimebahatika hapa, maana utetezi nao ni neno la mahakamani. Waandishi hao hushikilia mstari wa 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Maneno matano ya mwisho huwa yanapotelea kwenye vipaza sauti.

Tuanze na Roma. Mrumi wa kawaida hakujali sana jirani yake anaamini nini moyoni. Alichojali ni kama kafara imetolewa. Miungu ya mji ilikuwa kama walinzi wanaolipwa: ukiacha kuwalipa, mafuriko, njaa na tauni vinaingia, na havichagui nyumba. Tertuliani, mwandishi wa Kartago katika Tunisia ya leo, aliliandika hilo kwa kejeli mwaka 197. Mto Tiber ukipanda hadi kuta za mji, alisema, Nile usipopanda hadi mashambani, mbingu ikifunga, ardhi ikitetemeka, kilio ni kimoja: Wakristo kwa simba! Kisha akauliza: wote hao, kwa simba mmoja?

Kwa hiyo mtu asiyechoma ubani mbele ya sanamu alionekana mhujumu wa usalama wa umma, na jina lake likawa mkanamungu. Yustino, mzaliwa wa mji ambao leo ni Nablus, aliyezunguka shule za wanafalsafa kabla ya kubatizwa, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius katika miaka ya 150. Jibu lake lilikuwa la kukubali nusu ya shtaka. Ndiyo, alisema, kwa hao mnaowaita miungu sisi ni wakanamungu. Kwa Mungu wa kweli kabisa, hapana. Akaongeza, kama kitu kisicho na utata, kwamba wanamheshimu pia Mwana aliyetoka kwake, na Roho wa unabii. Karibu mwaka 165 naye akauawa, Roma.

Muda si mrefu baadaye, karibu mwaka 177, Athenagora wa Athene alimwandikia Kaisari Marcus Aurelius na mwanawe. Alikuwa na mashtaka matatu ya kujibu: kukana miungu, kula nyama za watu, na kujamiiana kwa ndugu. Hayo mawili ya mwisho ni uvumi uliozaliwa na habari za "kula mwili" na kuitana "kaka" na "dada", na sina haja ya kukaa nayo. La kwanza ndilo tamu. Athenagora anashangaa: inakuwaje watu wanaomtaja Mungu Baba, na Mungu Mwana, na Roho Mtakatifu, waitwe wasio na Mungu? Tazama anavyoutumia Utatu. Anauleta kama ushahidi kwamba Wakristo hawana upungufu wa Mungu. Leo mhubiri yeyote akisimama Kariakoo au Kongowea na kuutaja Utatu, atakuwa anajibu shtaka la kinyume.

Aliyeugeuza upepo ni mpagani. Celsus aliandika kitabu dhidi ya Wakristo karibu mwaka 178, na ndani yake mna swali ambalo naliona kali kuliko yote yaliyoulizwa enzi hizo. Kama watu hawa wangemwabudu Mungu mmoja tu, alisema, labda wangekuwa na hoja dhidi ya wengine. Lakini wanamtukuza kupita kiasi mtu huyu aliyetokea juzi juzi, na bado wanajiona hawajamkosea Mungu.

Kitabu cha Celsus hakipo tena. Tunakijua kwa sababu miaka kama sabini baadaye Origene, mwanachuoni wa Aleksandria aliyekuwa akifundisha Kaisaria ya Palestina, aliombwa na rafiki yake akijibu, naye akakijibu katika vitabu vinane huku akinukuu kipande baada ya kipande. Adui amehifadhiwa na mpinzani wake. Hata jibu la Origene kwa swali lile halikufunga mjadala: alisema Baba na Mwana ni wawili kwa namna ya kuwapo kwao, ila ni mmoja kwa nia na mapenzi. Vizazi vilivyofuata vililiona jibu hilo kuwa limepwaya. Marafiki wawili wanaopatana pia wana nia moja, na bado ni wawili.

Tusimame hapa, tuulize fundo lenyewe lilitoka wapi. Wapo wanaodhani Wakristo walianza na watatu kisha wakahangaika kuwabana wawe mmoja. Mambo yalikwenda kinyume chake. Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi waliokua wakilikariri Kumbukumbu la Torati 6:4: "Sikiza, Ee Israeli; BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Hawakuwahi kuuacha mstari huo. Walichokuta mikononi mwao, baada ya yale waliyoyashuhudia, ni kwamba wanamwomba Yesu, wanabatiza kwa jina lake, na wanamwimbia. Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, anaukunjua ule mstari wa kale kwa namna ambayo msomaji mwenye haraka haioni: "Lakini kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba... yuko na Bwana mmoja, Yesu Kristo." Mungu na Bwana, maneno mawili ya ungamo la Kiyahudi. Moja kampa Baba, la pili kampa Yesu, na bado anasema anapinga miungu mingi. Sura nzima ni kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu.

Hapo kuna njia tatu nyepesi za kulitoroka fundo. Unaweza kusema Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya mtu mmoja anayebadili vazi. Unaweza kusema Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko wote, ila kiumbe. Au unaweza kusema ni miungu mitatu inayoelewana. Vitabu vingi vya utetezi vya karne ya 3 na ya 4 vinaziba mojawapo ya njia hizo, na mwandishi akielemea sana upande mmoja huwa anaifungua nyingine bila kutaka.

Njia ya kwanza ilimkasirisha Tertuliani. Karibu mwaka 213 aliandika dhidi ya mtu aitwaye Praxea, aliyefundisha kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyezaliwa na kuteswa. Tertuliani, ambaye ulimi wake ulikuwa pilipili, alisema Praxea alimfanyia shetani kazi mbili mjini Roma: alimfukuza Roho, akamsulubisha Baba. Katika kitabu hicho ndimo Kilatini kilipopata maneno kiliyoendelea kuyatumia: asili moja, persona tatu.

Hilo neno persona tumelitafsiri "nafsi", na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ugomvi mwingi wa Kiswahili juu ya Utatu ni ugomvi wa neno hili bila wagombanao kujua. Nafsi kwetu ina kazi nyingi. Kuna nafsi ya ndani, inayosononeka na kusutwa. Kuna kujinafsi. Na kuna nafsi ya darasani: nafsi ya kwanza, mimi, nafsi ya pili, wewe, nafsi ya tatu, yeye. Msikilizaji anayeambiwa "Mungu mmoja katika Nafsi tatu" huchukua ile maana ya ndani, akaona roho tatu, akili tatu, nia tatu. Nani atamlaumu akisema hiyo ni miungu mitatu?

Lakini Tertuliani alianzia kwenye ile ya darasani. Persona ni neno la wanasarufi wa Kilatini vile vile. Hoja yake ni kwamba katika Maandiko kuna anayesema, kuna anayeambiwa, na kuna anayesemwa. Chukua Zaburi 110: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume." Nani anaongea na nani? Na nani anayetusimulia mazungumzo hayo? Mimi, wewe, yeye. Mtu hawezi kuwa "wewe" wa nafsi yake mwenyewe kwa namna hiyo, anasema Tertuliani, kwa hiyo wako watatu katika mazungumzo, na Praxea ameshindwa sarufi. Sijui kama watafsiri wetu walilipima hilo walipochagua neno nafsi, lakini wameangukia mahali pazuri kuliko Waarabu Wakristo, ambao hawakupata neno la kuwafaa katika lugha yao wakaazima uqnum kutoka Kisiria, neno ambalo Mwarabu wa kawaida halimwambii kitu.

Njia ya pili ndiyo iliyotikisa dola. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha karibu mwaka 318 kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo. Kaisari Konstantino aliita mkutano wa maaskofu Nikea mwaka 325. Kuna mambo mawili yanayosambazwa sana juu ya mkutano huo, nayo si kweli. La kwanza, kwamba ndio uliochagua vitabu vya Biblia. Haukushughulika na orodha hiyo. Kanuni zake 20 zinahusu nidhamu ya maaskofu, waliokana imani wakati wa mateso, na mambo ya aina hiyo. La pili, kwamba ulipiga kura kumfanya Yesu kuwa mungu. Ario mwenyewe alimwita Yesu mungu na kumwabudu. Ugomvi ulikuwa: mungu wa namna gani?

Na hapa watu wengi hupitwa. Athanasi, askofu wa Aleksandria baadaye na mtetezi mkali wa Nikea, alijiona ndiye anayemlinda Mungu mmoja. Hoja yake kwa watu wa Ario ilikuwa hivi: mnasema Mwana ni kiumbe, na bado mnamwabudu. Basi mnaabudu kiumbe. Hamna tofauti na wapagani. Mna mungu mkubwa asiyeumbwa na mungu mdogo aliyeumbwa. Ama mwacheni kumwabudu, ama kirini kwamba yeye na Baba ni umungu mmoja. Swali la Celsus, unaona, limerudi, safari hii likiulizwa na Mkristo kwa Mkristo mwenzake.

Nikea ilichagua neno moja la Kigiriki lililozua vurugu ya miaka hamsini na zaidi, na Wakatoliki wanaposali kwa Kiswahili hulitamka kila Jumapili bila kutikisika: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Umungu. Wahenga wa Kigiriki wangetuonea wivu kwa kiambishi hicho. Mungu ana wingi, miungu. Umungu hauna. Kama ilivyo mtu na watu, lakini utu ni utu.

Gregori wa Nisa, askofu wa karne hiyo ya 4, katika barua ndogo kwa mtu aitwaye Ablabio, alilazimika kulijenga jambo hilo kwa jasho. Ablabio alikuwa ameuliza swali la haki: Petro, Yakobo na Yohane wana asili moja ya kibinadamu, nasi tunasema ni watu watatu bila aibu. Kwa nini basi Baba, Mwana na Roho tusiseme miungu mitatu? Gregori anakiri kwamba swali ni gumu. Kisha anajibu kwa hatua mbili. Kwanza anasema kosa letu liko kwenye kuhesabu watu: utu wao ni mmoja, na tunaposema "watu watatu" tunaongea kwa mazoea tu. Jibu hilo, kwa maoni yangu, linachechemea. Petro akilala, Yohane anaweza kuwa macho, na hesabu yetu ina sababu. Hatua ya pili ndiyo inayobeba mzigo. Wakulima watatu wana kazi moja, lakini kila mmoja na jembe lake na shamba lake. Kwa Mungu, tendo ni moja: linaanzia kwa Baba, linapita kwa Mwana, linatimizwa katika Roho. Baba hana uumbaji wake na Mwana wake. Palipo na tendo lisilogawanyika huwezi kuhesabu watendaji kama unavyohesabu wakulima.

Ndiyo maana mifano inayopendwa mimbarini huniumiza kichwa. Maji, barafu na mvuke: hiyo ni Praxea, kitu kimoja kinachobadili sura. Yai lenye ganda, ute na kiini: hivyo ni vipande, na hakuna kipande kilicho yai. Mafiga matatu na chungu kimoja: niliwahi kuusikia ukipigiwa makofi, na ni miungu mitatu waziwazi. Jua na mwanga wake ndio mfano wa kale zaidi, wenye nguvu kwa sababu jua halijawahi kuwapo bila kung'aa. Lakini mwanga hauna mazungumzo na jua. Kuhusu ile ya moja jumlisha moja jumlisha moja ni tatu, na majibu ya haraka kwamba moja mara moja mara moja ni moja, zote mbili ni mzaha wa darasa la pili. Anayezidisha hajamjibu anayejumlisha. Wamekubaliana tu kwamba Mungu ni tarakimu.

Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Konstantinopoli, mwaka 381, uliifunga kesi hiyo kwa makanisa mengi, ingawa si kwa kila mtu. Maswali ya zamani hayafi. Mashahidi wa Yehova wanaobisha hodi Jumamosi asubuhi wako karibu na Ario kuliko wanavyodhaniwa, na makanisa ya Kipentekoste yanayobatiza "kwa jina la Yesu" tu yanasogelea upande wa Praxea. Wote hao wana vitabu vyao vya utetezi, na wote wanasema wanailinda ile Kumbukumbu la Torati 6:4.

Kisha ukaja Uislamu, na hakimu akabadilika. Yohane wa Damasko, aliyefariki karibu mwaka 749, alitoka katika familia iliyosimamia fedha za makhalifa wa Bani Umayya, kwa hiyo hakuandika kwa kusikia mbali. Mwishoni mwa kitabu chake juu ya mafundisho potofu anaeleza kwamba Waislamu wanatuita washirikina. Lugha yake ni ya vita na haipendezi kuisoma, lakini hoja ni ya kitaalamu. Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 171, inamwita Yesu neno la Mungu na roho itokayo kwake. Sawa, anasema Yohane: neno hilo na roho hiyo vimo ndani ya Mungu au viko nje? Vikiwa ndani, Mungu hakuwahi kuwa bila hivyo. Vikiwa nje, basi kulikuwa na wakati Mungu hakuwa na neno wala uhai, nanyi ndio mliomkata. Mnatuita washirikina, sisi tutawaita wakataji.

Waislamu hawakuipuuza hoja hiyo, wala hawakuikubali. Wanazuoni wao walijibu kwamba neno na roho katika aya hiyo ni amri ya Mungu na uhai aliouumba, na aya yenyewe inaendelea kwa kukataza kusema "watatu". Hata hivyo mwangwi wake ulisikika ndani ya Uislamu wenyewe. Khalifa al-Maamun alipoanza kuwalazimisha wanazuoni mwaka 833 wakiri kwamba Kurani imeumbwa, barua yake iliwashutumu wanaosema haikuumbwa kuwa wamefanana na Wakristo wanaodai Yesu hakuumbwa kwa kuwa ni neno la Mungu.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika safu hii kilitoka Baghdad. Timotheo I, patriarki wa Kanisa la Mashariki, aliitwa na Khalifa al-Mahdi karibu mwaka 782 wakazungumza siku mbili, naye akayaandika kwa Kisiria kama barua. Khalifa huyu ndiye aliyemwagiza Timotheo atafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Aristotle kinachofundisha namna ya kujenga hoja, kwa hiyo alijua anachokifanya. Alianza bila kuzunguka: mtu msomi kama wewe, haikufai kusema Mungu alioa mke akazaa mtoto. Timotheo akarudisha swali: ni nani aliyewahi kusema kufuru hiyo? Nusu ya mjadala wa miaka elfu na mia mbili uliofuata imo katika mabadilishano hayo mawili. Mmoja anakataa kitu ambacho mwenzake naye anakikataa.

Kiswahili kingewasaidia. Mwanamaji hakuzaliwa na maji, wala mwanasheria na sheria. "Mwana" kwetu hutaja uhusiano ambao "mtoto" hauwezi kuubeba. Sisemi Mwana wa kanuni ya imani ni sitiari kama hizo; Nikea ilisisitiza kuzaliwa. Nasema tu kwamba hata msemaji wa Kiswahili cha kila siku anajua neno hilo si lazima litoke kitandani.

Timotheo akatumia mfano wa adabu ya ikulu: mfalme, pamoja na neno lake na roho yake, ni mfalme mmoja, si watatu. Na alipoulizwa dini ipi ni ya kweli, alisema tuko kama watu walio ndani ya nyumba yenye giza usiku, lulu ikaanguka katikati yao. Wote wakaiinamia. Mmoja ameishika, mwingine kashika kigae cha kioo, mwingine jiwe, na kila mmoja anafurahi kwamba lulu ni yake, mpaka mwanga uje. Usidhani alikuwa anasema dini zote ni sawa. Aliamini lulu anayo yeye, na akaeleza kwa nini. Lakini alimwachia mwenyeji wake nafasi ya kukaa kitini.

Ulaya ilichukua mkondo wake, nami nitaupita haraka. Thoma wa Akwino, katika kitabu kikubwa cha utetezi alichokiandika kati ya 1259 na 1265, alipiga mstari ambao wengi wa leo wameusahau. Kwamba Mungu yupo na ni mmoja, alisema, akili inaweza kufika huko kwa miguu yake, na Mkristo anaweza kubishana na Mwislamu au mpagani kwa mantiki tupu. Utatu, hapana. Huo unajulikana kwa kufunuliwa. Kazi ya akili ni kuonyesha kwamba haujipingi, si kuuthibitisha. Anayetoa "uthibitisho" dhaifu wa Utatu anawachekesha wasioamini, maana wanadhani tunaamini kwa sababu dhaifu kama hizo.

Vitabu vinavyozunguka pwani yetu vina babu mwingine. Mjerumani Karl Pfander, aliyepitia seminari ya wamisionari ya Basel kama Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika mwaka 1829 kitabu cha kuwahoji Waislamu. Kilitafsiriwa lugha nyingi. Aprili 1854, mjini Agra, India, Pfander alikaa meza moja na Maulana Rahmatullah Kairanawi kwa mdahalo wa siku mbili. Orodha ya mada ilikubaliwa kabla, Utatu ukiwamo. Kairanawi alikuja na silaha ambayo Pfander hakuitarajia: vitabu vya wanazuoni wa Ulaya wenyewe walioichambua Biblia. Mada ya kubadilishwa kwa Maandiko ikakwama hapo hapo, mdahalo ukavunjika, na Utatu haukufikiwa.

Kairanawi akaandika jibu refu la Kiarabu mwaka 1864. Miongo kadhaa baadaye nakala ya kitabu hicho ilikutwa stoo na kijana wa dukani huko Natal, Afrika Kusini, aliyekuwa amechoshwa na maswali ya wanafunzi wa misheni jirani. Kijana huyo ni Ahmed Deedat, na kanda na vijitabu vyake ndivyo vilivyochochea mihadhara ya Dar es Salaam na Mombasa kuanzia miaka ya 1980. Upande wa pili, kasisi wa Kianglikana Godfrey Dale wa Zanzibar alikuwa ameitafsiri Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923 ili walimu wa Kikristo wapate cha kujibia. Tafsiri za Kiislamu zilizofuata, ya Ahmadiyya mwaka 1953 na ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy mwaka 1969, kwa sehemu zilikuwa majibu.

Nilihudhuria mhadhara mmoja Temeke nikiwa kijana. Meza mbili, vipaza sauti viwili, mwenyekiti katikati na saa yake ya mkononi. Mwislamu alishika Biblia iliyojaa vikaratasi vya alama, Mkristo akashika Kurani ya Farsy vivyo hivyo. Mada zilikuwa tatu, na ya tatu ndiyo niliyoifuata: Mungu ni mmoja au ni watatu? Ya kwanza, kama Biblia imebadilishwa, ilianza saa tisa. Saa kumi na mbili bado tulikuwa kwenye nasaba mbili za Yesu katika Mathayo na Luka. Adhana ya magharibi ikasikika, vitabu vikafungwa, na mwenyekiti akatangaza kwamba mada ya Utatu itakuwa kesho, saa ile ile.

Kesho yake ilinyesha.